CPA, CFA au Python? Yaliyonikuta mimi kati ya Arusha na Moshi

Kila wiki sikosi mtu wa kuniuliza, dada niende CPA, ile mitihani ya kuwa mhasibu aliyesajiliwa, au nijifunze haya mambo ya data, na wengi wao ni watu wa utalii kama nilivyokuwa mimi, au watu wa kaunta za benki waliochoka kaunta. Nikitaka kumaliza kwa meseji moja nashindwa. Acha niandike nilivyopita, makosa yakiwemo, halafu mtu apime na maisha yake.

Mimi nilikuwa rizavesheni kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, miaka sita. Kama hujui hiyo kazi, ni wewe unayejibu barua pepe ya mgeni saa tano usiku kwa sababu kwao ni mchana, unamtafutia vyumba Karatu na Serengeti, unapanga gari na dereva, unalipia ada za hifadhi, na mgeni akikuta maji ya kuoga yamepoa lawama ni zako. 2019 watalii walioingia nchini walipita milioni 1.5, tulikuwa tunakula chakula cha mchana saa kumi. 2020 wakashuka hadi kama laki sita na elfu ishirini. Machi mwaka huo watu walianza kuahirisha safari, mwanzo mmoja mmoja, baadaye kwa makundi, mwezi wa nne bosi akatuita wote tukasimama mbali mbali na barakoa zetu, akasema likizo bila malipo mpaka hapo atakapotuita. Hajaita mpaka leo. Nikafunga vyombo Kijenge, nikapanda Coaster, nikarudi kwa mama Moshi nikiwa na miaka 31, digrii ya utalii, na deni la bodi ya mikopo ambalo nilikuwa nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Akiba ilikuwa ya miezi mitatu, ukibana sana minne.

Kikao cha kwanza kilikaa jikoni kwa mama, wala hakikuitishwa na mtu. Ba'mdogo alikuja kutusalimia. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, mstaafu, karibu miaka thelathini alikuwa anakagua hesabu za vyama vya ushirika, na mkoa wenyewe ni huu wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha 1933, kwa hiyo vitabu vya vyama alivyovipitia ukivipanga vinajaza ghala.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Umerudi na mizigo yote?"

"Yote."

"Basi Mungu amekuambia ukasome CPA."

Mtoto wa shangazi alikuwa pale pale anachaji simu, chuo kimefungwa, akadakia, "Dada usimsikilize, CPA ni miaka. Jifunze Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, uwe unaandika kodi, unalipwa kwa dola ukiwa hapa hapa jikoni." Ba'mdogo akamgeukia, "Kodi ipi hiyo anayoandika, ya TRA?" Mama akacheka mpaka akaacha kumenya ndizi. Lakini mimi sikucheka sana, maana niliona kabisa nimepewa njia mbili na sina nauli hata ya moja.

Na kama vile mbili hazitoshi nikaleta ya tatu, CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji. Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye, yuko Nairobi, aliweka zile herufi tatu nyuma ya jina lake na mimi nikaona wivu, semeni mnavyotaka. Nilikuwa naisema CFA kwa watu kama vile nimeshaanza kuisoma, na watu wa hapa wengi hawaijui kwa hiyo wanakuheshimu tu. Siku nilipokaa chini kuisoma vizuri ndio nikaelewa. Ina ngazi tatu, na wenyewe wanashauri kila ngazi uisome kama masaa 300. Ukimaliza mitihani yote bado hujapewa kitu, unatakiwa uwe na masaa 4,000 ya kazi inayohusu maamuzi ya uwekezaji, ndani ya muda usiopungua miezi 36. Ada 2021 ilikuwa dola 450 ya kujiandikisha mara moja, halafu mtihani dola 700 ukiwahi na 1,000 ukichelewa. Nikapiga hesabu nyuma ya mfuko wa sukari, dola 1,150 kwa bei ya wakati ule ni kama milioni mbili na laki sita, hiyo ni ngazi ya kwanza tu na hujafaulu. Na kufaulu kwenyewe, matokeo ya Julai 2021 ya ngazi ya kwanza waliopita ni asilimia 22.

Ila kusema ukweli sio hela iliyonizuia. Hela ningeomba, ndugu wangechanga, Wachaga kwa elimu hatukatai. Kilichonizuia ni daftari. Wiki mbili nilikuwa nakopi matangazo ya kazi ya Arusha na Moshi tu, kila tangazo naandika wanataka nini. CFA sikuiona hata mara moja. CPA ilijaa, mashirika, hospitali, mashamba ya maua, vyama, mahoteli. Na Excel ilikuwa kila mahali, hata tangazo la mtunza stoo. Ndio nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza mwanzo, mtu mwenye CFA anafanya kazi wapi? Anachambua hisa, anasimamia mifuko ya uwekezaji. Mahali pake ni Dar kwenye soko la hisa na kampuni zinazolizunguka, au Nairobi. Mimi mama yangu ana presha na nilishaamua sitoki kaskazini. Kusoma CFA huku umepanga kukaa Moshi ni kununua mtumbwi ukiwa Longido kwenye ukame. Mtumbwi ni mzuri, sikatai.

Nikabaki na mbili. CPA kwa mimi ambaye digrii yangu sio ya uhasibu ningeanzia ngazi ya Foundation, niende Intermediate, nimalizie Final, mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ni Mei na Novemba, ukifeli unasubiri duru nyingine. Nikaona mbali, nikaenda kwenye kompyuta kwa sababu ilionekana karibu. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili, la kwanza ni CFA.

Maana nilienda nikalipa laki sita kwenye kituo kimoja, sikitaji, kozi ya miezi mitatu ya "data" na cheti juu. Mwalimu alikuwa anaonyesha picha ukutani, anasoma kilichoandikwa, tunakopi. Umeme ukikatika tunaenda nyumbani. Mwisho tukapigwa picha na majoho, nikapewa cheti kina mhuri wa dhahabu, nikakipeleka ofisi tatu na hakuna hata mmoja aliyekisoma mpaka mwisho. Kwa hiyo wale wanaosema upande wa finance ni vyeti na upande wa kompyuta ni ujuzi, hapana aisee, cheti kisicho na kitu kipo pande zote, tofauti ni kwamba cha bodi angalau kuna sheria nyuma yake.

Nilichofanya baada ya hapo ni cha kijinga kidogo lakini ndicho kilinisaidia. Niliacha kozi nikatafuta kero. Nilikuwa na laptop ya mtumba, RAM 4, bando nanunua la usiku, na mafaili yangu ya zamani ya rizavesheni. Nikajipa kazi, nitoe ripoti ya wageni kwa mwezi, kwa nchi, kwa lodge, bila kuhesabu kwa mkono. Nikajifunza Power Query, kifaa cha kusafisha na kuunganisha data, ambayo ipo ndani ya Excel tangu 2016 na miaka sita nimeikalia sijui kama ipo. Baadaye SQL, lugha ya kuuliza data iliyopangwa kwenye meza, hii nawaambia ndugu zangu ndio iliyonilipa kuliko zote, ukishajua kuchagua, kuunganisha meza mbili na kujumlisha kwa makundi tayari unaweza kazi nyingi za ofisi. Python ilifuata, mpaka leo siijui yote na sioni haja.

Sasa nije kwenye siku iliyonifundisha hasa. Kulikuwa na SACCOS moja ndogo huko juu mlimani, katibu wao anamjua mama kanisani. Wanachama walikuwa wanalipa marejesho kwa simu, na hesabu ya leja na taarifa ya kampuni ya simu zinapishana kwa milioni nane na ushee kwa mwezi wa Aprili peke yake. Wameshaanza kumwangalia vibaya mhasibu wao, binti mdogo tu, analia. Nikaambiwa nijaribu.

Usiku wa kwanza sikuona kitu. Wa pili sikuona kitu. Wa tatu nimechoka, nakunywa chai, naangalia tu ile safu ya tarehe bila hata kufikiri, nikaona kitu cha ajabu, tarehe nyingine zimelala kushoto na nyingine zimelala kulia. Excel ikielewa kwamba hiki ni tarehe au namba inakipeleka kulia, isipoelewa inakichukulia kama maneno inakiacha kushoto. Kumbe ile kompyuta ilikuwa imewekwa mpangilio wa Marekani, mwezi unaanza, siku inafuata. Faili la kampuni ya simu linaandika siku kwanza. Kwa hiyo 03/04, ambayo kwetu ni tarehe tatu mwezi wa nne, yenyewe inasoma Machi 4. Malipo ya tarehe 4 ya kila mwezi yote yameingia Aprili. Na kuanzia tarehe 13 kwenda mbele imeshindwa kabisa kwa sababu hakuna mwezi wa 13, ikayaacha kushoto kama maneno, hayahesabiwi mwezi wowote. Hakuna aliyeiba hata senti. Nilipiga kelele nikamuamsha mama.

Nikanyoosha tarehe, tofauti ikashuka kutoka milioni nane hadi 270,000. Hapo nikakwama tena. Nimelinganisha kwa namba za simu nikakuta nyingi hazifanani kwa sababu Excel imekula ile sifuri ya mbele, nikairudisha, bado 270,000 ipo pale inanitazama. Asubuhi ba'mdogo akapita na fimbo yake, nikamuonyesha bila matumaini. Hakuangalia hata kioo.

"Gawa kwa tisa."

"Kwa nini tisa?"

"We gawa."

Elfu thelathini kamili.

"Basi hapo kuna mtu amegeuza tarakimu. Ukiandika 54 ukaiita 45, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Na yako imetoka thelathini, tatu na sifuri zake, kwa hiyo tafuta tarakimu mbili zinazoachana kwa tatu. Labda 630 imeandikwa 360. Labda 520 na 250. Sisi tulikuwa tunapekua kitabu kizima na kalamu nyekundu, wewe si una hiyo mashine yako, iambie."

Nikaiandikia, nitolee kila mwanachama ambaye leja na simu zinapishana kwa 270,000. Haikuchukua hata sekunde kumi. Mama mmoja alilipa 630,000, leja inasema 360,000. Imeisha.

Nilikaa kimya muda. Mimi na Python yangu ningekesha wiki nzima, maana nilikuwa sijui natafuta nini. Yeye na kalamu yake angepata lakini angepekua siku tatu. Na kuna kingine alichoniambia wakati anaondoka, kwamba nisifurahie haraka, nimwombe katibu risiti yenyewe ya yule mama, kwa sababu leja na simu zote ni maneno ya watu, ukaguzi unaanza kwenye risiti. Hiyo hakuna kozi ya kompyuta iliyowahi kuniambia. Walinilipa laki moja na nusu na mkungu wa ndizi mshare, na yule binti mhasibu mpaka leo ananiita shangazi ingawa tumepishana miaka saba tu.

Kazi ile ndiyo iliyonirudisha Arusha, sio cheti. Katibu akamwambia mtu, mtu akamwambia mtu, nikaitwa kampuni nyingine ya utalii, idara ya hesabu. Kwenye intavyuu hawakuuliza nimesoma wapi. Bosi alifungua laptop akanionyesha faili la malipo ya ada za hifadhi, safu ya control number, zile namba za kulipia serikalini, yote imeandika 9.92E+11, akasema hizi zimeharibika, mhasibu wetu anasema tuombe upya. Nikamwambia hazijaharibika, control number ina tarakimu 12, Excel imeifupisha machoni tu, ngoja nibadilishe muundo, zikatoka zote. Nikamwambia na ya kuogopa, namba zikizidi tarakimu 15, mfano namba za kadi za benki, zile za mwisho inazigeuza sifuri kweli kweli na hazirudi, kwa hiyo hizo lazima ziingizwe kama maneno tangu mwanzo. Nikaanza kazi Jumatatu, mshahara kidogo zaidi ya ule wa rizavesheni.

Ningeishia hapo ingekuwa ushuhuda mzuri wa kuwaambia vijana achaneni na vyeti. Sasa sikilizeni iliyobaki.

Mwaka wa pili mkuu wetu wa hesabu akaondoka. Miezi mitano kazi yake niliifanya mimi, ripoti za VAT, malipo ya lodge, kulinganisha benki zote tatu, moja ya shilingi mbili za dola. Wakaguzi wa nje walipokuja kufunga mwaka, maswali yote walileta kwangu, mezani kwangu, na kijana wao mmoja akaniambia dada mafaili yako ni mazuri kuliko ya kampuni zote tulizopita mwaka huu. Nikajua nafasi ni yangu. Bosi akaniita, akaniambia kwa upole kabisa, anatangaza nafasi, na anahitaji mtu mwenye CPA, kwa sababu benki wanataka kumuona, mbia wake wa Ujerumani anataka kumuona, na yeye mwenyewe hataki shida. Hakunidharau. Ni mimi nilikuwa sijaelewa kwamba kuna kazi ambayo unalipwa kwa kuifanya na kuna kazi ambayo unalipwa kwa kuwa na haki ya kuweka sahihi yako chini. Hesabu za kampuni hazikaguliwi na kusainiwa na mtu anayejua Excel, zinasainiwa na mtu aliyesajiliwa NBAA, bodi ipo kwa sheria tangu 1972, haibembelezwi na faili zuri. Aliyekuja ni kaka mmoja mstaarabu sana, CPA, na wiki ya kwanza aliniomba nimuonyeshe jinsi ya kuunganisha meza mbili. Nilimuonyesha. Nilienda chooni kwanza nikalia, halafu nikarudi nikamuonyesha.

Kwa hiyo anayeniuliza sasa huwa namrudishia maswali. Unataka kuishi wapi? Fungua daftari, kopi matangazo ya mahali hapo tu, sio ya dunia. Pili, kazi unayoitamani ina sahihi ndani yake au haina? Kama ina sahihi, ukaguzi, ukuu wa hesabu, ushauri wa kodi, usijidanganye na kompyuta, ingia kwenye bodi mapema ungali na nguvu za kukesha. Kama haina sahihi, kazi ya ripoti, mifumo, uchambuzi, basi jifunze kwa kutengeneza kitu cha mtu halisi mwenye shida halisi, hata kama ni leja ya kikoba cha mama yako. Na tatu ni hela, una miezi mingapi ya kula? Mimi nilikuwa na minne, CPA isingenilisha miezi minne, SQL ilinilisha. Kama ningekuwa na mshahara na mume anayelipa kodi ya nyumba ningeanza na bodi, sioni aibu kusema hivyo.

Mimi sasa nipo Foundation. Nasoma jioni nikitoka kazini, Njiro kuna madarasa, nikitoka napanda daladala mbili mpaka Sakina, Novemba naingia kwenye mtihani na umri nilionao, wale tunaosoma nao wananipisha kiti. Sheria ya biashara inanitesa. Hesabu hainitesi. Nikifeli narudia Mei.

Desemba iliyopita tulikuwa wote nyumbani Moshi, si mnajua Desemba yetu, mbuzi kachinjwa, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Ba'mdogo ndiye mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa, na kaunta buku lake limechanika jalada, kwa hiyo nilimpa ile laptop yangu ya RAM 4 nikamwekea michango yote kwenye Excel. Nikampigia hesabu kwamba atachukua mwezi kuizoea. Siku ya tatu nikasikia ananiita kutoka barazani, kavaa miwani, pua karibu iguse kioo, kalamu nyekundu iko sikioni kama kawaida.

"Wewe mhasibu mtarajiwa, njoo hapa. Hizi tarehe mbona nyingine zimelala kushoto?"